Naandika riwaya bila muhtasari na nimekwama sura ya 11. Nifanyeje?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Naandika riwaya kwenye simu, sura moja kila wiki, na nairusha kwenye kundi la WhatsApp la wasomaji wangu. Sikuandaa muhtasari wowote. Inamhusu Zawadi, fundi cherehani wa Korogwe. Mzee asiyemfahamu anamletea koti apunguze mikono, anaondoka, harudi tena. Zawadi akifumua bitana anakuta hati ya shamba imeshonewa ndani. Baadaye kaka yake Hamisi anarudi kutoka Dar es Salaam baada ya kuachishwa kazi, anakula fedha za dawa za mama yao. Mwenye nyumba anapandisha kodi ya fremu, na kijana mmoja wa benki, Issa, anaanza kumpenda Zawadi. Sura kumi zilikwenda kwa kasi. Sasa niko ya 11 na sijui kinachofuata. Kila mtu ananiambia niandike kwanza mpango wa riwaya nzima, lakini nikijaribu hamu inakata, naona kama kitabu nimeshakimaliza. Nimefikiria kumuua mama yake Zawadi ili hadithi isogee. Nimekuambatishia sura zote. Nisaidie.

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nianze na mama, maana yeye ndiye aliye hatarini: usimuue wiki hii. Kifo kitakupa sura mbili nzuri. Kuna simu ya usiku, kuna turubai uani, kuna ndugu wa mbali wanaogombana nani kachangia nini, na kwa jinsi unavyoandika utazimaliza mara moja huku kundi zima linatuma emoji za kulia. Halafu matanga yataanuliwa, watu watarudi makwao, Zawadi ataketi mbele ya cherehani pale pale ulipomwacha, na wewe utakuwa sura ya 13 hujui kinachofuata, mama naye huna tena.

Sisemi wahusika wasife. Stephen King, Mmarekani ambaye kwa kawaida haandiki muhtasari, amesimulia jinsi alivyokwama katikati ya riwaya yake The Stand, iliyotoka mwaka 1978, akiwa ameshavuka kurasa 500. Alikaa wiki kadhaa bila njia. Kilichomtoa ni bomu: kundi la wahusika wake lililokuwa limeanza kuzoea amani likalipuliwa, wengine wakafa, waliobaki wakalazimika kuondoka. Ukisikia hivyo unaweza kudhani nakupa ruhusa ya kumzika mama. Lakini bomu lile lilitegwa na watu waliokuwa ndani ya kundi lenyewe, na mmoja wao msomaji alikuwa amemwona kwa mamia ya kurasa akikataliwa na akitunza kinyongo. Mlipuko ulitoka kwenye jambo lililokwishaandikwa. Malaria ya ghafla ya mama yake Zawadi haitoki popote.

Sasa hilo la muhtasari. Wanaokushauri uandike mpango wa riwaya nzima wanakupa dawa iliyowaponya wao. Wapo waandishi ambao bila kuujua mwisho hawawezi kuandika sentensi ya kwanza, na wapo ambao wakishaujua hawaoni tena haja ya kuandika. Wewe ni wa kundi la pili. Usione haya, wala usijilazimishe kuhama.

Kuna mtu wa kazi yako hasa ambaye ningependa umtazame: Charles Dickens, mwandishi wa Uingereza. Alipoanza The Pickwick Papers mwaka 1836 alikuwa na miaka 24, na alikuwa akitoa sehemu moja kila mwezi kwa wasomaji waliokuwa wakiisubiri kama wako wanavyokusubiri. Kazi yenyewe ilianza kama maelezo ya kusindikiza picha za mchoraji Robert Seymour. Seymour akafariki mapema sana, mpango ukabadilika, Dickens akaendelea kubuni mwezi baada ya mwezi. Katika sehemu ya nne akamwingiza Sam Weller, kijana wa kung'arisha viatu katika nyumba ya wageni, wasomaji wakampenda, na kitabu kikageuka kumfuata yeye na bwana wake. Hakuna muhtasari ambao ungemleta Sam Weller, kwa sababu hakuwamo katika wazo la awali.

Lakini miaka kumi baadaye, alipoanza Dombey and Son mwaka 1846, Dickens alikuwa ameshajifunza jambo. Kwa kila sehemu ya mwezi alichukua karatasi moja. Upande wa kulia aliandika sura za mwezi huo na kitakachotokea ndani yake. Upande wa kushoto alijiuliza maswali: fulani atokee mwezi huu? Siri ile ifichuliwe? Kisha akajijibu kwa ufupi, ndiyo, hapana, au bado. Aliendelea na karatasi hizo katika riwaya zake kubwa za baadaye. Ukizitazama utaona maswali mengi upande wa kushoto yanahusu vitu alivyokwisha kuviweka mbele ya msomaji. Alikuwa anakagua nyuma ili apate cha kuandika mbele.

Hapo ndipo lilipo jibu langu lote kwako. Asiyepanga huusuka msuko wa matukio kwa kurudi nyuma. Cha kuandika sura ya 11 tayari umekiandika katika sura kumi za kwanza, ila hujakiona, kwa sababu ulikuwa unakimbia.

Na kwa nini hukukiona? Zisome sura zako kwa sauti uisikilize -ka-. Mzee akaleta koti, Zawadi akakuta hati, Hamisi akarudi, akala fedha, mama akazidiwa, mwenye nyumba akapandisha kodi, Issa akaja kukunjiwa suruali. Hiyo -ka- ni neema ya msimuliaji wa Kiswahili. Inaunganisha lolote na lolote na sikio halilalamiki, na ndiyo iliyotulea tangu ngano za jioni. Lakini kwa mwandishi wa riwaya asiyepanga ni mtego, maana inaweza kukubeba kurasa 100 bila tukio hata moja kuzaa jingine. Fanya jaribio hili: kati ya kila matukio mawili makubwa, jaribu kuingiza "kwa hiyo" au "lakini". Zawadi amekuta hati, kwa hiyo... Hamisi amerudi? Hapana. Hamisi angerudi hata kama koti lisingekuja. Mwenye nyumba angepandisha kodi hata kama Hamisi angebaki Dar es Salaam. Una hadithi nne zinazotembea bega kwa bega bila kusalimiana. Zote nzuri, na ndiyo maana kasi ilikuwepo, lakini kasi ya kuanzisha mambo mapya ina kikomo, nacho kwa waandishi wengi huja pale pale ulipo, kati ya theluthi moja na nusu ya kitabu.

Linganisha na Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi (1971), ambayo pengine uliisoma shuleni au uliisoma kwa kujificha. Zakaria anampiga binti yake kwa sababu ya barua ya kijana. Kwa hiyo Rosa anakua akiwaogopa wanaume. Lakini anakwenda masomoni mbali na nyumbani ambako baba hayupo, na hana kinga yoyote ya kwake mwenyewe, kwa hiyo anaharibikiwa. Sijui Kezilahabi alipanga kiasi gani kabla ya kuandika na kwa hoja yetu haijalishi. Ninachotaka uone ni kwamba ukiondoa kile kipigo, kila kinachofuata kinapoteza sababu. Ukiondoa kodi ya fremu kwenye riwaya yako, hakuna kitakachoanguka.

Basi fungua daftari la madeni, kama lile la duka la Mangi. Daftari la karatasi, si la simu, kwa sababu simu ndiyo unayoandikia na utajikuta unaendelea na hadithi. Soma tangu sura ya kwanza bila kusahihisha hata herufi. Kila mahali ulipomfanya msomaji asubiri kitu, andika: nini, sura ya ngapi. Swali ambalo halijajibiwa ni deni. Tishio ambalo halijatimia ni deni. Kitu ulichokielezea kwa undani kuliko kilivyohitajiwa nacho ni deni, hata kama ulikieleza kwa kupamba tu. Mtu aliyesema "nitarudi" ni deni, na aliyesema uongo mbele ya msomaji ni deni kubwa zaidi.

Nimekuanzia, kwa ruhusa yako. Sura ya kwanza: mzee yuko wapi, na hati ni ya nani? Hilo unalijua. Sura ya nne: Hamisi amekula fedha za dawa na mama hajui, Zawadi anajua, na amenyamaza. Sura ya saba: mwenye nyumba ametoa mwezi mmoja. Sura ya nane: Issa anaulizwa anafanya kazi tawi gani, anacheka, anabadili mazungumzo. Hili nadhani uliliandika ili aonekane mtanashati mwenye mafumbo, lakini msomaji ameliandika kwenye daftari lake. Na lipo moja ambalo nina hakika hukuliona. Rudi sura ya kwanza, mzee anapolivaa koti ili Zawadi apime. Umeandika kuwa mikono iliishia "penye kifundo, kama iliyokatiwa yeye". Kisha Zawadi akachomeka pini apunguze. Apunguze nini, mwanangu? Koti lilikuwa linamtosha.

Huenda ilikuwa ni kuteleza tu kwa kalamu. Kwa mwandishi anayepanga hilo ni kosa la kusahihisha. Kwako ni mali. Mzee hakuja kupunguza mikono, alikuja kuiacha hati mahali ambapo fundi akifumua lazima ataikuta. Alimchagua Zawadi. Sasa una swali ambalo lina nguvu kuliko yote uliyonayo, na limekaa ndani ya sura yako ya kwanza, limesharushwa, kila msomaji analo kwenye simu yake. Kwa nini yeye?

Sura zilizorushwa haziwezi kurudi, na hili najua linakutesa. Anayeandika kitabu kizima faraghani akigundua sura ya 20 kwamba anahitaji kisu, anarudi sura ya pili anakiweka mezani. Wewe huwezi. Lakini unaweza kufanya kitu kingine ambacho mara nyingi huleta riwaya bora: liache tukio kama lilivyo, badili sababu yake. Msomaji alichokiona ni kweli, alichodhani ndicho kilichokuwa kibovu. Issa alikuja dukani sura ya tano kukunjiwa suruali. Hilo limetokea na halifutiki. Sababu aliyodhani msomaji ni kwamba alimwona Zawadi akampenda. Sasa fikiria kwamba kuna mtu ameomba mkopo benki kwa dhamana ya shamba ambalo hati yake asilia "imepotea", na Issa ametumwa, au amejituma, kuifuatilia. Ghafla kukataa kwake kutaja tawi kuna maana, na suruali ile, ambayo umeieleza kuwa mpya kabisa, nayo ina maana. Na je, anampenda Zawadi? Natumaini ndiyo. Ukimfanya mpelelezi tu umempoteza. Ukimfanya mtu aliyekuja kwa hila akaishia kupenda kweli, umepata mhusika ambaye kila anapofungua mdomo ana mawili ya kuficha.

Kuhusu hiyo hati, kaa chini ujue inafanya nini kisheria kabla hujaenda mbali. Je, ni hati ya kawaida ya ardhi iliyopimwa, au ni hati ya hakimiliki ya kimila inayotolewa kijijini chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999? Watu watakaobishana, ofisi watakazokwenda na baraza litakalosikiliza shauri vinategemea jibu hilo. Kuishika hati ya mtu hakumfanyi Zawadi kuwa mmiliki, na afadhali msomaji alijue hilo mapema. Lakini kunamzuia mwingine kuuza au kukopa kwa urahisi. Yaani fundi wako, bila kujua, amekalia njia ya mtu mwenye fedha. Watu wengi huuona utafiti kama kupamba mandhari. Kwa asiyepanga ni chemchemi ya matukio, kwa sababu kila sharti la kisheria ni mlango ambao mtu lazima abishe, na nyuma ya kila mlango kuna mtu anayeweza kusema hapana. Nenda kaongee na mtendaji wa kijiji. Ukitoka hapo utakuwa na sura tatu. Na usisahau kuwa uko Korogwe, nchi ya mkonge, ambako habari ya shamba lililowahi kuwa la kampuni na sasa linalimwa na wanakijiji haihitaji kubuniwa kutoka hewani.

Hiyo inatuleta kwa mtu ambaye hayumo kabisa katika sura zako: anayeitaka hati. Mwenye nyumba wako ni msumbufu, si adui. Kuna mtu anayepoteza usingizi kwa sababu ya koti hilo, na tangu sura ya kwanza hajakaa bure. Andika ukurasa mmoja au miwili kwa sauti yake, nafsi ya kwanza, na usiurushe kamwe. Mwache ajitetee. Aeleze kwa nini shamba ni haki yake, mzee alimfanyia nini, amesubiri miaka mingapi. Kisha chukua sura zako kumi na pembeni ya kila moja andika yeye alikuwa anafanya nini siku hiyo. Sura ya tatu Zawadi anapomshonea jirani gauni la harusi, yeye alikuwa stendi anaulizia mzee alishukia wapi. Sura ya saba alikuwa wapi? Huenda alikuwa sebuleni kwa mwenye nyumba, anakunywa chai, anauliza fremu ile ina thamani gani. Umeona? Kodi iliyopanda bila sababu imepata sababu. Mbinu hii moja imewakwamua waandishi wengi niliohariri miswada yao kuliko nyingine zote, na haiui hamu, kwa sababu hupangi kitakachotokea. Unagundua kilichokwisha kutokea upande wa pili wa ukuta.

Nitaje sadfa kidogo. Utashawishika kusema Hamisi alikuwa akifanya kazi Dar es Salaam kwa huyo huyo adui. Usiseme. Sadfa ya mzee na koti imetosha kuanzisha riwaya, na hata hiyo tumeshaigeuza kuwa kusudi. Mhusika akiingia matatani kwa bahati mbaya, msomaji husamehe. Akiingia tena matatani kwa bahati, akatoka kwa bahati, msomaji hufunga simu. Hamisi hahitaji sadfa. Ana njaa ya fedha, ameshakula fedha za dawa za mama yake, na analala chumba kimoja na koti.

Kwa hiyo sura ya 11. Kabla ya kuandika tukio lolote jiulize mambo matatu, na ujibu kwa sentensi moja moja, si zaidi. Nani anataka nini hapa, leo, kitu kinachoweza kushikwa au kutamkwa? Nani aliye chumbani humo hataki akipate? Mwisho wa tukio, ni mlango gani umefungwa usioweza kufunguka tena? Hilo la tatu ndilo linalosahaulika. Sura yako ya tisa ni nzuri kwa lugha, mazungumzo ya Zawadi na mama yake kuhusu marehemu baba yananigusa, lakini ukiing'oa hakuna anayejua kitu kipya wala aliyepoteza kitu. Wahusika wako hukaa wakawaza. Mwandishi asiyejua kinachofuata humpa mhusika wake kazi ya kufikiri kwa niaba yake, na ukurasa unajaa "alijiuliza afanye nini". Ukikuta sentensi hiyo katika rasimu yako, ujue ni wewe unayejiuliza.

Mfano, na si lazima uufuate: Hamisi anataka kuipiga picha hati amtumie rafiki yake Dar es Salaam anayejua wanunuzi. Zawadi hataki hata ijulikane ipo. Anamkuta na simu mkononi. Akimpigia kelele, mama aliye chumba cha pili atasikia, na Hamisi anatishia kwamba akibanwa atasema kila kitu, pamoja na kwamba Zawadi alijua habari ya dawa akanyamaza. Kwa hiyo Zawadi ananyamaza tena. Picha inatumwa. Huo ndio mlango uliofungwa: kuanzia usiku huo kuna mtu mwingine anayejua, na Zawadi amemruhusu. Tazama ni madeni mangapi yameguswa kwa tukio moja: hati, dawa, ukimya wa Zawadi. Na mama yu hai, tena sasa kuwa hai kwake ndiko kunakombana Zawadi. Akija kufa sura ya 20 baada ya kuusikia ukweli, nitalia na wewe.

Kuhusu miisho ya sura. Wasomaji wa kundi wamekuzoesha kumaliza kila sura kwa mlango kugongwa. Sura ya sita mlango uligongwa, "Zawadi akahisi damu inaganda", itaendelea. Sura ya saba aliyegonga ni jirani anaomba sindano. Mara moja tunacheka. Ya pili msomaji ameanza kukata imani, na hilo huwezi kulirudisha kwa uzuri wa lugha. Taharuki inayodumu haitokani na kumficha msomaji aliye mlangoni. Mwache msomaji ajue kuwa picha imetumwa, ajue imefika kwa nani, kisha mwonyeshe Zawadi asubuhi akifungua fremu yake na kumkaribisha mteja mpya mwenye adabu sana. Hapo huhitaji kuganda damu ya mtu.

Tengeneza pia akiba. Usirushe sura uliyoimaliza jana. Waombe wasomaji mapumziko ya wiki mbili au tatu, watanung'unika na watabaki, kisha anza tena ukiwa na sura tatu mbele ambazo hawajaziona. Ndani ya sura hizo tatu una uhuru wa mwandishi wa kitabu, unaweza kurudi kuweka kisu mezani. Na usiwaulize kundini "mnataka Zawadi aolewe na nani". Msomaji anajua vizuri sana mahali alipochoka na mahali alipochanganyikiwa. Kuhusu kinachofuata, anataka akikisie, na anataka akosee. Ukimpa alichopigia kura utamwona anapotea kimya kimya.

Umesema ukipanga hamu inakata. Nakuamini, na ndiyo maana sijakuomba uandike hata mstari mmoja kuhusu sura ya 20. Ila kila ukimaliza sura, andika sentensi moja kuihusu: nani amefanya nini, na kwa hiyo nini kimebadilika. Sentensi, si aya. Muhtasari unaoandikwa baada ya sura hauwezi kuua hamu ya sura iliyokwisha kuandikwa. Sentensi zikikataa kupata "kwa hiyo", hapo ndipo hadithi ilipoanza kulegea, na mara nyingi utakuta ililegea sura mbili au tatu kabla ya pale ulipokwama. Ndivyo ilivyo kwako. Umekwama ya 11, lakini hadithi ilisimama ya tisa, kwenye yale mazungumzo matamu. Ukitaka kujua kama katikati ya kitabu pamekaa sawa, mafundisho ya vitendo vitatu na vilele vyake, yaani hadithi kugawanywa mwanzo, katikati na mwisho, yatakufaa hapo, kama kipimo cha kilichoandikwa. Kabla ya hapo yaache.

Mwisho wa riwaya utaujua kwa daftari. Madeni madogo yaanze kulipwa mapema, moja moja, na kila linapolipwa lizae usumbufu. Kodi ilipwe sura ya 14 kwa fedha ambayo Zawadi hakupaswa kuigusa. Siri ya dawa itoke. Issa ajulikane. Usiyaweke yote yalipwe siku moja mbele ya baraza, kila mtu akitoa ushahidi na mwovu akikamatwa, maana sura hiyo itakuwa ya maelezo mwanzo mwisho. Ikifika mahali daftari limebaki na deni moja tu kubwa, nalo nadhani ni lile la kwa nini mzee alimchagua Zawadi, umeshaingia mwisho, hata kama hukukusudia, na una sura mbili au tatu za kuandika. Jibu la swali hilo usilitafute sasa. Ila orodhesha majibu matano yanayowezekana, ukate la kwanza na la pili kwa sababu ndiyo msomaji ameshayafikiria, kisha funika daftari uendelee na Hamisi na simu yake.

Ukishamaliza yote na ukataka kuitoa kama kitabu, iweke kando kwanza. King hushauri wiki sita zisizopungua, nami nakubaliana naye. Ukirudi, anza na wahusika. Una majina 19 katika sura kumi, na saba kati yao wametokea mara moja tu. Dada wa kanisani, mama ntilie wa stendi na jirani wa sindano wanaweza kuwa mtu mmoja, na mtu huyo akishakuwa mmoja atakuwa amemwona mzee akishuka kwenye basi.